Kundi la msaada wa kwanza la vijana kwenye avenii yako: mwongozo kamili kwa wakazi wa Bukavu

Anayekaa Cimpunda au Nkafu anajua jinsi nyumba zetu zilivyopangana kwenye mteremko. Gari linaishia barabara ya juu, pikipiki inashuka kidogo, na baada ya hapo ni miguu na ngazi za udongo. Usiku mmoja wa mvua tulimpandisha mama jirani, mjamzito aliyekuwa akitoka damu, tukiwa tumemkalisha kwenye kiti cha plastiki. Katikati ya njia mguu wa kiti ukavunjika. Tulikuwa wanaume saba, wote na nguvu, na hakuna aliyejua nani ashike wapi. Hakuna aliyekuwa na namba ya motari, yaani dereva wa pikipiki, hata mmoja. Kufika barabarani tu kulituchukua zaidi ya nusu saa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu usiku ule nimeamini jambo moja: Bukavu haikosi hospitali. Tuna Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, tuna hospitali kuu ya mkoa, na kila kartie ina kituo chake cha afya. Tunachokosa ni ile njia kati ya kitanda cha mgonjwa na mlango wa hospitali. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba wajawazito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: familia inachelewa kuamua, mgonjwa anachelewa kufika, na akishafika anachelewa kuhudumiwa. Walisema juu ya wajawazito, lakini yanamhusu pia aliyeungua, aliyegongwa na mtoto mwenye degedege. Ucheleweshaji wa tatu una wakubwa wake. Ule wa kwanza na wa pili uko mikononi mwa majirani, hasa vijana wanaoshinda kwenye kona ya avenii bila kazi.

Usianze na komini nzima. Usianze hata na kartie. Anza na avenii moja.

Hatua ya 1: Tembea njia yako ukiwa na daftari na saa

Kabla ya mkutano wowote, tafuta vijana wawili mshuke hadi nyumba ya mwisho ya avenii, kisha mpande hadi mahali gari linapoweza kusimama. Andikeni dakika. Rudieni baada ya mvua, na mara ya tatu usiku. Mtaona tofauti kubwa, na hiyo tofauti ndiyo mtakayomwonyesha sefu wa avenii.

Choreni ramani ya mkono. Pikipiki inafika wapi? Ni kichochoro gani hakipitishi watu wawili wanaotembea bega kwa bega? Wapi kuna daraja la mbao lililooza, wapi maji ya mvua yanachimba? Nani ana tochi kubwa, nani ana mlango ambao unaweza kung'olewa na kuwa kitanda cha kubebea?

Halafu nendeni kituo cha afya kilicho karibu, muulize maswali ambayo watu huwa wanauliza wakati mgonjwa ameshafika: usiku kuna muuguzi wa zamu au kuna mlinzi peke yake? Mnazalisha saa ngapi? Mna oksijeni? Mtu akihitaji kuongezewa damu mnampeleka wapi? Majibu yaandikeni. Kumpeleka mgonjwa mahali pasipoweza kumsaidia ni kumzungusha huku muda wake unaisha.

Hatua ya 2: Omba baraka, na chagua jina kwa uangalifu

Sefu wa avenii ndiye wa kwanza, kisha sefu wa kartie. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, usiende na vijana watupu. Sema wazi: "Papa sefu, tumekuja kukuomba ruhusa ya kusaidia wagonjwa kufika hospitali. Hatufanyi siasa, hatulindi usiku, hatubebi silaha."

Hilo la mwisho si la kupamba maneno. Tangu wapiganaji wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, na hata kabla yao, vijana wanaokusanyika na kupewa mazoezi hutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Kwa sababu hiyo msijiite kikosi wala brigedi. Jiiteni kundi la msaada. Msivae nguo zenye rangi ya kijeshi. Wala msichore msalaba mwekundu kwenye fulana kama ninyi si wa Msalaba Mwekundu: alama ile inalindwa na Mikataba ya Geneva, na kuitumia ovyo kunawahatarisha wenye haki nayo. Kitambaa cha njano begani kinatosha.

Upande wa afya, mlango wenu ni muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita IT. Eneo lake la afya lina kamati ya wakazi, Kodesa, na wahamasishaji wa kujitolea, Mareko. Juu yao kuna zoni ya afya: Ibanda, Kadutu au Bagira, kutegemea unakokaa. Omba kundi lenu litambuliwe na Kodesa. Msiwapuuze Mareko, wengi wao ni kina mama wanaojua kila mjamzito wa avenii na mwezi wake. Ukifanya kazi bila wao utakuwa unaanza upya kitu ambacho tayari kipo.

Hatua ya 3: Chagua watu kumi na wawili

Wawe na miaka 18 au zaidi. Nusu wawe wasichana, na hapa sikubali kupunguza. Mama anayetoka damu, au msichana aliyebakwa, hatafungua kinywa mbele ya wavulana watano waliosimama mlangoni.

Wawili wawe motari wanaolala kwenye avenii hiyo hiyo. Wanne walau wawe watu wa kuwepo mchana, kwa sababu wanafunzi wako shule na chuo saa hizo. Chukua watu wa juu na wa chini ya mteremko.

Kuna wavulana ambao mtaa unawaita maibobo, au wahuni. Msiwafungie mlango. Mbebaji bora niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa kijana aliyelala sokoni Kadutu miaka mingi. Alijua vichochoro vyote gizani, na hakuwahi kukosa kuja alipoitwa. Muweke pamoja na mtu mtulivu, mpe kazi yenye jina, na umwite kwa jina lake.

Hatua ya 4: Mafunzo, kwa kile kinachoua hapa kwetu

Msalaba Mwekundu wa Kongo una masekuriste, watoa msaada wa kwanza, wa kufundisha. Ombeni mwalimu, na mwombeni IT aongeze siku ya akina mama na watoto. Siku tano za asubuhi zinatosha kuanza, mradi mikono ifanye kazi kuliko daftari.

Damu inayotoka jeraha ndiyo somo la kwanza. Vaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi, weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa viganja viwili kwa uzito wa mwili wako, usiachie kuchungulia. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake. Damu ikiendelea kuruka kutoka mguuni au mkononi, ndipo mnatumia garo: utepe mpana wa kitambaa, si waya wala kamba nyembamba, unafungwa vidole vinne juu ya jeraha, si juu ya kiungo, kisha unasokotwa kwa kijiti mpaka damu isimame. Itauma sana. Andika saa mliyofunga, kwenye paji la uso la mgonjwa kama hakuna karatasi. Asiifungue mtu mwingine isipokuwa wahudumu wa hospitali.

Moto ni somo la pili, na Bukavu linahitaji siku yake nzima. Nyumba za mbao zimebanana, mbabula, jiko la makaa, inawaka karibu na pazia, na wauzaji wa mafuta ya madumu, Kadafi, wamepanga chupa zao kando ya nyumba. Aliyeungua mmwagilie maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini. Dakika ishirini ni ndefu kuliko unavyofikiri, kwa hiyo pimeni kwa saa, na hakikisheni kila nyumba tano kuna pipa la maji lililojaa. Ondoa pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mayai, unga na mawese, vyote hivyo ni hapana, hata bibi akisisitiza. Mwambie bibi kwa heshima kwamba daktari atalazimika kuvikwangua, na mtoto ataumia mara mbili.

Mbabula ina hatari nyingine isiyoonekana. Usiku wa baridi watu huiingiza ndani na kufunga mlango, na hewa yake ya sumu isiyo na harufu inalaza familia nzima. Mkikuta watu wamezimia kwenye nyumba iliyofungwa, fungueni kila kitu kwanza, vuta pumzi nje, kisha muwaburute watoke.

Kwa mtoto, mama wote wa avenii wajue dalili nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki. Mojawapo ikitokea hakuna kungoja asubuhi. Mwenye degedege mlazeni ubavu, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, msimfunge, msimwekee kijiko wala kitunguu mdomoni. Kwa kuhara, ambako kipindupindu kinaweza kuwemo, maji ya chumvi na sukari yaanze nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, naye anakunywa mpaka njiani.

Kwa mjamzito, damu yoyote ukeni kabla ya kujifungua, kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu, au degedege: anabebwa mara hiyo, amelazwa ubavu wa kushoto. Akishajifungua na damu haikomi, mtoto awekwe titini wakati mnamwandaa kuondoka, kunyonya kunasaidia mji wa mimba kujikaza.

Ziwani, usiruke kumfuata anayezama kama huna ujuzi. Mrushie dumu tupu lililofungwa kamba. Kwa ajali ya pikipiki, aliyeanguka na kulalamika shingo au mgongo anageuzwa na watu wanne kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa na kutoa amri.

Kusukuma kifua nako kufundishwe, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita. Ila nasema ninavyoona: pale ambapo hospitali iko saa moja kwa miguu, saa nyingi za mafunzo zitaokoa watu zaidi zikitumika kwenye damu na ubebaji.

Hatua ya 5: Kipoyi na mfuko

Wazee wetu wa Bushi walibeba wagonjwa kwa kipoyi, kitanda cha kubebea, mabondeni na milimani, na sisi wa mjini tumekisahau tukashika viti vya plastiki. Tengenezeni kimoja. Mianzi miwili iliyokauka, yenye urefu wa mita mbili na nusu, na turubai nene lililoshonwa pande zote mbili kama mfuko wa kupitishia mianzi. Ongezeni vipande viwili vya mti vya kupingana, kichwani na miguuni, ili turubai lisimbane mgonjwa. Mikanda mitatu ya kumfunga, kifuani, nyongani na magotini, maana mteremko wetu unamtelezesha mtu. Wabebaji wanne, wa tano anatembea mbele na tochi, wa sita anashika mkono wa mgonjwa na kusema naye. Mkipanda, kichwa kitangulie. Mkishuka, miguu itangulie.

Kama dharura inakuta kipoyi kiko mbali, vikwembe viwili vigumu na miti miwili vitafanya kazi. Jaribuni kabla, kwa kijana mzito kuliko wote.

Mfukoni wekeni glavu, vitambaa safi vilivyopigwa pasi, bendeji, mkasi, utepe wa garo na kijiti chake, tochi, sabuni, chumvi ya kuhara ya pakiti, kalamu na karatasi. Dawa msiweke. Kundi likianza kugawa vidonge litakuwa duka, na siku moja litamdhuru mtu. Glavu na sabuni zisikose: ugonjwa wa mpox wa aina mpya uligunduliwa hapa hapa Kivu ya Kusini, Kamituga, na unaenea kwa kugusana.

Hatua ya 6: Simu na motari

Karatasi moja, herufi kubwa, imebandikwa mlangoni kwa sefu, dukani, kanisani, msikitini na kituo cha afya. Namba nne tu: wawili wa kundi walio zamu, motari mmoja, muuguzi wa zamu. Namba kumi zinamchanganya mtu mwenye hofu. Anayepigiwa anauliza mambo matatu, wapi, nini kimetokea, anapumua, kisha anawapigia wawili, na hao wawili kila mmoja anawapigia wawili. Mtandao ukikata, tumieni filimbi yenye mlio mliokubaliana na avenii nzima inaujua.

Na motari mkubaliane bei mapema, ya mchana na ya usiku, mbele ya sefu, ikaandikwe. Pikipiki inamfaa mgonjwa anayeweza kukaa, akiwa katikati ya motari na msaidizi anayemkumbatia kwa nyuma. Haimfai aliyeumia mgongo wala aliyezimia. Kwa hao tafuteni mwenye gari kwenye barabara ya juu, mfanye mazungumzo naye leo, siku hakuna dharura. Risasi zikilia, hakuna anayetoka mpaka zinyamaze. Mbebaji aliyejeruhiwa ni mgonjwa wa pili, na hakuna wa kumbeba.

Hatua ya 7: Sanduku la dharura

Hapa ndipo makundi mengi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Familia inachelewa kuamua kwa sababu ya hofu ya pesa. Wanajua wataombwa kosio, pesa ya dhamana, kabla ya kuhudumiwa, na wanajua watu waliozuiliwa hospitalini baada ya kupona kwa sababu hawakulipa. Hakuna hotuba itakayoiondoa hofu hiyo. Pesa ndogo iliyo tayari itaiondoa.

Tumieni mfano wa likelemba, mchango wa kupokezana, ambao kila mtu anaufahamu. Tuseme kila nyumba inatoa franka 500 kwa wiki. Mwenye sanduku ni mama mmoja mwaminifu, funguo mbili za kufuli wanazo watu wengine wawili, na mapato yanasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2025 mabenki ya mjini yalipofunga milango tulijifunza kutoweka kila kitu mahali pamoja: nusu ikae sandukuni kwa ajili ya usiku, nusu kwenye simu. Andikeni sheria kwa maneno machache: pesa inalipa usafiri na malipo ya kwanza hospitalini, kiwango cha juu ni hiki, familia inarudisha kidogo kidogo ndani ya muda huu, na asiyeweza kabisa anasamehewa na kikao, si na mtu mmoja. Asiyechangia naye anabebwa. Mkibagua wakati wa kubeba, kundi limekwisha.

Kabla dharura haijatokea, mtume mwakilishi kwenye ofisi ya huduma za jamii ya hospitali mnayoitegemea, aulize: mgonjwa maskini anapokelewaje, anahitaji barua ya nani? Barua hiyo sefu aiandike mapema, ibaki jina tu la kujaza.

Hatua ya 8: Mlangoni mwa hospitali

Msimwache mgonjwa na kuondoka. Mmoja abaki na karatasi yenye saa ya tukio, mlichokikuta, mlichokifanya, saa ya garo kama ipo, simu ya familia. Kama mlipita kituo cha afya, bileti ya transferi, barua ya rufaa, iwe mkononi. Wauguzi wanaopewa karatasi safi wanawapokea kwa haraka zaidi, nimeliona mara nyingi.

Picha hakuna. Hakuna WhatsApp, hakuna TikTok, hata uso ukifichwa. Kijana akivunja sheria hii mara moja, anatoka kwenye kundi. Avenii ikikosa imani nanyi hamtaitwa tena.

Kwa aliyebakwa sheria hii ni nzito maradufu. Wasichana wa kundi ndio wanaomsindikiza, na wote wajue saa zake: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asilazimishwe kwenda polisi kwanza. Panzi inawahudumia waliotendewa hivyo bila malipo, hilo aambiwe mapema, kwa sauti ya chini.

Hatua ya 9: Watunzeni hao vijana

Kijana wa miaka ishirini aliyeshika mkono wa mtoto aliyeungua harudi kucheza mpira jioni kama kawaida. Siku mbili hadi tatu baada ya tukio zito, kaeni pamoja, chai na mandazi, kila mmoja aseme anachotaka kusema na asiyetaka anyamaze. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia wenye vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Vitumieni kwenu wenyewe kabla ya wengine. Asiyelala, anayeanza kunywa, anayejitenga, muunganisheni na msaidizi wa kisaikolojia kwenye kituo cha afya. Apumzishwe zamu bila kuaibishwa.

Na njaa je? Kujitolea kuna kikomo chake. Kundi letu lilianza kuchemsha sabuni ya maji na kuiuza avenii, faida ikigawanywa sehemu mbili, mfuko wa kundi na mifuko yao. Wengine wamejifunza ufundi wa pikipiki kwa motari wa kundi. Cheti cha Msalaba Mwekundu nacho kina uzito mtu anapoomba kazi, kwa hiyo hakikisheni kila aliyemaliza anapewa.

Hatua ya 10: Mazoezi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, jazeni gunia mchanga wa kilo sitini, mliweke nyumba ya mwisho kabisa, na mpigie simu mmoja wa zamu bila kumwonya. Saa ianze pale pale. Sisi mara ya kwanza ilituchukua dakika 34 kufika barabara ya juu. Baada ya miezi minne, kwa ngazi tulizozirekebisha wenyewe kwa mawe, tulifika kwa 15. Kisha kagueni kipoyi: mshono wa turubai, nyufa za mianzi, mchwa. Hesabuni glavu. Pigeni namba zote nne za kwenye karatasi, na ile isiyopatikana ibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika.